Waja leo, waondoka Machi: nyumba ya Raskazone kwa wastaafu wanaokimbia baridi

Nyumba yenyewe ni ya wageni, ina vyumba vinne, haina ghorofa, na ipo Raskazone, Tanga, mwendo wa dakika tano hadi baharini kwa miguu ya mtu wa miaka 70. Msimu wake ni kaskazi, tangu wiki ya kwanza ya Januari hadi mwanzo wa Machi. Ndio wakati wanapokuja mume na mke wastaafu kutoka Ufini, Ujerumani na Uholanzi kukaa wiki sita. Wahenga walimpa mgeni siku mbili, ya tatu wakampa jembe. Hawa wanakaa siku 42. Kipimo cha nyumba kinabadilika hapo. Godoro lenye bonde kijana wa wikiendi hulisahau kabla basi halijafika Segera, lakini mzee wa miaka 72 ataamka nalo mgongoni mara 42. Kwa kipimo hicho tunaipa nyumba hii alama nne kati ya tano. Iliyopotea imepotelea kitandani na bafuni.

Vitanda ni vya mninga, futi 6 kwa 6, kazi safi ya seremala, na ubao wa miguuni umeinuka kiasi cha sentimita 30 juu ya godoro. Futi 6 ni sentimita 183. Mfini wa sentimita 188 hawezi kujinyoosha hapo. Hulala mshazari, mkewe anabaki na pembe ya kitanda, na asubuhi magoti ya wote wawili yanalalamika. Kuukata ubao ule usawa wa godoro hakutoshi, maana miguu ikitokeza itagusa chandarua, na mbu huuma kupitia neti bila taabu pale ngozi inapoigusa. Dawa yake ni godoro la futi 6 kwa 7 la kuagiza, fremu isiyo na ubao wa miguuni, na chandarua cha pembe nne kinachochomekwa chini ya godoro pande zote. Vyumba viwili vya nyuma bado vina vyandarua vya duara, vile vya pete moja juu, ambavyo humwangukia mtu mrefu begani kila anapogeuka. Anayeweka nafasi aombe chumba cha kona chenye dirisha la kaskazini na la mashariki. Kina chandarua cha pembe nne, na ndicho kinachopokea upepo wa kaskazi moja kwa moja.

Kuhusu upepo wa ndani, kila chumba kina pangaboi, na lipo katikati ya dari. Kitanda kimesogezwa ukutani, kwa hiyo hewa inashuka sakafuni ambako hakuna mtu, na kidogo inayofika kitandani inachujwa na neti. Mgeni anadhani pangaboi ni bovu. Si bovu. Limekaa pasipo pake. Feni ya kusimama iliyowekwa usawa wa godoro, ikipuliza kutoka miguuni, inafanya kazi kubwa zaidi kwa umeme uleule. Nyumba inazo mbili tu, na anayeomba mapema ndiye anayepata.

Kiyoyozi kipo na hulipiwa pembeni, kwa mita yake ndogo ukutani. Utaratibu huu tunauunga mkono, kwa sharti kwamba mita isomwe mbele ya mgeni siku anayoingia na siku anayotoka. Hesabu ni nyepesi. Kiyoyozi cha nguvu ya farasi moja na nusu kikiwashwa kwa muda wa saa 8 kinaweza kula uniti 6 hadi 8 kwa usiku. Pangaboi la wati 70 likizunguka saa 10 halifiki hata uniti moja. Kwa bei ya uniti ya karibu shilingi 356, kiyoyozi ni kama shilingi 2,500 kwa usiku, yaani kama laki moja na elfu tano kwa usiku 42. Nyumba ikidai zaidi ya hapo kwa jina la umeme, iulizwe. Ushauri wetu kwa wazee ni kukiwasha saa tatu za mwanzo wa usiku, nyuzi 26, kisha feni mpaka asubuhi. Wanaokilaza nyuzi 18 usiku kucha hutoka mlangoni wakapigwa na joto kama ukuta, na mwili wao hauzoei hali ya hewa hata wiki ya nne.

Watu wengi wa hoteli hapa mjini huamini kwamba Mfini, kwa kuwa amekulia sauna, atalimudu joto letu. Si hivyo hata kidogo. Sauna ni dakika kumi na tano, kisha mtu anatoka nje kwenye baridi. Tanga ya Februari haina pa kutokea: mchana nyuzi 32 au 33, usiku mara nyingi haushuki chini ya 23, na unyevu hauliachi jasho likauke. Mtu aliyetoka Kemi, mji rafiki wa Tanga ulio kaskazini ya Ufini ambako bahari huganda na siku ya Desemba ina saa chache tu za mwanga, anahitaji siku 10 hadi 14 mwili wake ujifunze kutoa jasho ipasavyo. Jambo moja linawasaidia: saa za Ufini wakati wa baridi zimetofautiana na zetu kwa saa moja tu, kwa hiyo usingizi hauvurugiki. Kazi iliyobaki ni joto peke yake.

Katika kumjulisha mgeni saa za bahari, nyumba hii inazipita nyingine zote tunazozijua upande huu wa mji. Kando ya mlango wa jikoni kuna ubao mweusi, na kila asubuhi mpishi anaandika kwa chaki maji yanajaa saa ngapi na yanapwa saa ngapi, kwa saa zetu, na pembeni kwa saa za Kizungu: «Kujaa saa 10:20 jioni / 16:20». Jambo dogo, lakini limeokoa safari nyingi. Dereva akimwandikia mgeni «saa 10», mgeni anasoma saa 4 asubuhi yetu, anakaa barazani na kofia yake akingoja gari ambalo litakuja baada ya saa sita.

Ubao huo unafaa pia kwa sababu pwani ya Raskazone si ufukwe mrefu wa mchanga. Sehemu kubwa ni mwamba wa matumbawe, na mtu huingia majini kwa ngazi za saruji. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, maji hujaa karibu saa 10 alasiri na hupwa karibu saa 4 asubuhi, na tofauti ya kina hupita mita 3. Mzee akishuka saa 4 asubuhi siku hiyo atakuta ngazi zinaishia kwenye tope na mawe makali. Baada ya wiki moja, wakati wa maji mafu, mambo yanageuka: saa 4 asubuhi maji yapo, yametulia, na alasiri yamekupwa kidogo tu. Kila siku saa husogea mbele kwa kama dakika 50. Kwa hiyo wiki ya bamvua waogelee jioni, na wiki ya maji mafu asubuhi kabla jua halijakaza. Ngazi mbili za chini hushika mwani wa kijani na huteleza kama sabuni. Viatu vya mpira vya kuogelea vivaliwe mpaka mtu awe ndani ya maji kabisa. Nyumba inaazima, lakini saizi inaishia namba 43, na wanaume hawa wengi huvaa 45.

Bafu linahitaji fundi wiki hii, si mwakani. Marumaru za sakafu ni zile za kung'aa, nzuri kwa ukuta na hatari zikilowa. Mlangoni pana kizingiti cha kama sentimita 15 cha kuzuia maji, na taa iko nje, upande wa kulia. Mtu anayeamka mara mbili usiku kwa ajili ya vidonge vya presha atakikuta kizingiti hicho gizani. Panatakiwa vyuma viwili vya kushikilia, kimoja kando ya choo na kimoja chini ya bomba la mvua, vilivyofungwa kwa boliti ndani ya tofali, si kwa skrubu juu ya marumaru. Panatakiwa pia marumaru za kukwaruza na taa ndogo inayowaka usiku kucha. Maji yenyewe hayana neno. Tangi jeusi la lita 2,000 liko juu ya paa, na kuanzia saa 8 mchana bomba la baridi linatoa maji ya moto kweli, hata ya kuunguza bega kama mtu hajajaribu kwa mkono kwanza. Anayetaka maji baridi aoge asubuhi.

Chakula tunakisifu kwa moyo wote. Mpishi ni mama wa Ngamiani, na hapiki «chakula cha wageni». Asubuhi kuna vitumbua au maandazi na mbaazi za nazi, maziwa na mtindi wa Tanga Fresh, papai, embe dodo, na yai kwa anayetaka. Usiku samaki wa siku hiyo kutoka soko la samaki la Deep Sea, changu au kolekole, wa kupaka au wa mchuzi, na wali. Chumvi anaitenga mezani bila kuombwa, jambo ambalo wenye presha hulishukuru. Kasoro ni kahawa. Wafini ni miongoni mwa wanywaji wakubwa wa kahawa duniani, nao huipenda nyepesi, ya kuchujwa, kikombe kikubwa, mara tatu au nne kwa siku. Hapa wanapewa ya unga wa kopo, katika nchi inayolima kahawa! Chujio la kitambaa, kilo moja ya kahawa iliyosagwa na chupa ya chai ya lita mbili vingemaliza tatizo hili kwa fedha kidogo sana.

Kuna jambo la kalenda ambalo nyumba haina budi kulisema mapema. Miaka hii Ramadhani inaangukia ndani ya msimu huu huu. Ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu tarehe 8 Februari, kwa kutegemea mwandamo, na mwaka unaofuata itasogea mpaka mwisho wa Januari. Mchana migahawa mingi ya mjini inafungwa, mpishi amefunga na haonji mchuzi, na daku huamsha mtaa mzima. Mgeni aliyeambiwa hana shida. Atakula cha mchana nyumbani, na magharibi atakaribishwa futari, pengine ndicho chakula kitamu kuliko vyote atakavyokula Tanga. Asiyeambiwa ataandika malalamiko. Mwaka huu tovuti ya nyumba haikusema neno.

Maji ya kunywa yahesabiwe lita 3 kwa kila mtu kwa siku, hivyo dumu la lita 20 linawatosha wawili siku tatu, na wiki sita ni madumu 14. Nyumba inayaleta chumbani. Madafu ni mazuri, ila yana potasiamu nyingi. Mwenye figo dhaifu, au anayemeza dawa za presha zinazozuia potasiamu kutoka, amuulize daktari wake kabla ya kuzoea mawili kwa siku. Wanaomeza vidonge vya kupunguza maji mwilini nao waulize mapema kama kipimo kinafaa kwenye joto, maana kizunguzungu cha saa 7 mchana mara nyingi chanzo chake ni hapo.

Insulini inataka maneno zaidi. Isiyofunguliwa huwekwa nyuzi 2 hadi 8, mbali na kisanduku cha barafu. Kalamu za insulini zilizofunguliwa, nyingi hazitaki kuzidi nyuzi 30, na chumba cha Februari kinazidi. Friji ya nyumba ni nzuri, lakini inveta inawasha taa na feni tu. Umeme ukikatika, friji inabaki bila kitu. Isipofunguliwa mlango hushika ubaridi kwa muda wa kama saa 4. Zaidi ya hapo chupa mbili za maji yaliyogandishwa zihamishiwe kwenye kiboksi cha kubebea samaki, na insulini ifungwe kwa taulo isigusane nazo. Mtungi wa udongo hausaidii sana hapa kama unavyosaidia Dodoma, kwa kuwa hewa ya pwani imeshiba unyevu na maji hayakauki upesi. Tunamwomba mwenye nyumba aiunganishe friji kwenye inveta. Akifanya hili moja tu msimu ujao, tutafurahi.

Malaria wengi wanaijua na huja na vidonge vyao. Wanayoisahau ni dengue, ambayo mbu wake huuma mchana. Tanga ilikuwa na mlipuko mwaka 2019. Makopo na visahani vya maua vya uani tulivikuta vikavu, hongera kwa mtunza bustani. Mzee anayemeza aspirini kwa ajili ya moyo akipata homa kali na maumivu ya viungo, aende kupimwa siku hiyohiyo na aseme anameza nini, maana aspirini na dengue havipatani. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, iko upande huuhuu wa mji. Kwa matatizo makubwa ya moyo safari ni Dar es Salaam, karibu kilomita 350, kwa hiyo bima inayolipia ndege ya wagonjwa isikosekane.

Matembezi yanayopangwa na nyumba yana uzito tofauti. Mapango ya Amboni, kama kilomita 8 kutoka mjini, yanaandikwa kwenye karatasi yao kuwa «yanafaa kwa wote». Hapana. Ndani ni giza, mawe yana unyevu, na zipo njia ambazo mtu hupita ameinama na nyingine karibu atambae. Mwenye goti la bandia ataishia kwenye ukumbi wa kwanza, na aambiwe hivyo kabla ya kulipa. Magofu ya Tongoni, kusini kwa barabara ya Pangani, ndiyo yanayofaa: msikiti wa kale, makaburi ya nguzo, kivuli, na ardhi tambarare. Waende saa 1 asubuhi. Kisiwa cha Toteni ni kizuri machoni, lakini mtu hushuka kwenye mashua na kutembea majini. Kiendewe maji yakiwa yamejaa, la sivyo tope linafika magotini. Joto likiwachosha, siku mbili za Amani, juu ya Muheza, huwarudisha hali. Barabara ya kupanda ni mbovu, gari liwe la juu.

Karibu na nyumba, jioni, hakuna kinachopita matembezi ya Raskazone penyewe. Ndipo majeshi ya Uingereza kutoka India yaliposhuka Novemba 1914 na kushindwa na Wajerumani na askari wao Waafrika, katika vita vinavyokumbukwa pia kwa nyuki waliowavamia wapiganaji. Makumbusho ya Urithi, kwenye boma la zamani la Wajerumani, yanamalizia hadithi hiyo.

Baiskeli mbili za nyumba ni Phoenix za rimu 28, breki za vyuma. Mji ni tambarare na Tanga ni mji wa baiskeli tangu zamani, kwa hiyo wazo ni zuri sana. Raba za breki ya nyuma zimelika, zibadilishwe. Na mgeni akumbushwe kila siku ya wiki ya kwanza kwamba hapa tunapita kushoto, yaani kabla ya kuvuka atazame kulia kwanza. Mazoea ya miaka 60 yanamgeuza shingo upande mwingine.

Bei ni shilingi 80,000 kwa usiku kwa wawili, pamoja na chai ya asubuhi na chakula cha usiku, kwa anayekaa wiki sita. Jumla 3,360,000, kiyoyozi nje ya hesabu. Kwa mpishi yule peke yake si ghali. Tangu 2025 bei inatakiwa itajwe na kulipwa kwa shilingi, na nyumba inafuata. Mashine za benki hazitoi fedha nyingi kwa mara moja, hivyo malipo ya kila wiki ni rahisi kuliko ya mkupuo.

Kufika: viza huombwa mtandaoni, ya kawaida ni dola 50, hadi siku 90. Anayepitia Addis Ababa au Nairobi akakaa uwanjani saa 12 au zaidi ataulizwa cheti cha homa ya manjano, basi achague safari yenye kusubiri kufupi. Kutoka Dar, basi ni mwendo wa saa 5 au 6 hadi stendi ya Kange, na nyumba hutuma gari. Ndege ndogo ni rahisi kwa mgongo, ila mara nyingi mzigo ni kilo 15 kwa mtu, begi laini. Makoti mazito na buti za theluji zinakula nusu ya kilo hizo. Wanaokuja nazo wasizifungie kabatini: baada ya wiki tatu za unyevu wa Tanga, koti la sufu linanuka na ngozi ya buti inaota kuvu jeupe. Mtunza nyumba anazo kamba mbili kwenye chumba cha stoo chenye dirisha la wavu. Mpeni siku ya kwanza, naye atazianika uani asubuhi moja kila wiki, kivulini.